Donge la Sukari Lililobaki Zima

Kazi yangu hapa Doha ni kufundisha watu kuchanja nyuki. Nikisema hivyo kanisani, watu huniangalia vidole, kama kwamba humo ndimo ilimofichwa sindano yenyewe. Nimechoka kueleza. Siku hizi nikiulizwa nasema niko upande wa dawa za mifugo, na mazungumzo yanaishia hapo, wanarudi kwenye habari za viza na nani amepata kazi hospitalini.

Wapo pia wa kunikumbusha kwamba fuata nyuki ule asali. Nimewafuata nyuki tangu chuo cha mifugo nyumbani Kenya, nimewafuata hadi jangwani, na jioni nala wali na dengu sawa na wapangaji wengine wote wa mtaa wetu wa Mansoura.

Mwaka ninaousimulia ndio mwaka aliofariki mama. Alizikwa kwetu Taita, siku ya kazi, wakati wa baridi ya huku. Kaka yangu alisema nisihangaike kuja, ningekuta wameshazika. Binamu alinyanyua simu ili nione, lakini ni mfupi, na watu walikuwa wamemsimamia mbele, kwa hiyo nilichoona zaidi ni migongo ya makoti na mwavuli wa mtu. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye ngazi za jengo letu kwa sababu wauguzi ninaoishi nao walikuwa wamelala baada ya zamu. Wimbo ulipokwisha nikaingia kwenye gari la kampuni nikaenda kufundisha, na nilifundisha vizuri. Sikumwambia mtu. Niliisubiri huzuni wiki ile, nikaisubiri iliyofuata, kisha nikaacha. Nilikuwa nakula, nalala, naoga, najibu salamu. Moyo ulikuwa umekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa vibaya, ila huu haukufika mahali pa kuanza kuchomachoma.

Mafunzo tulikuwa tukiyafanyia kwenye ghala la kampuni, upande wa Muaither. Wanafunzi wangu walikuwa wafanyakazi wa mashamba ya nje ya mji, wale walioachiwa mizinga na matajiri wao: Wakenya, Waganda, Wanepali, na Wamisri wachache waliokuwa wakinisahihisha Kiarabu changu kwa furaha kubwa. Nilifundisha kwa Kiingereza, kisha kwa hicho Kiarabu changu kibovu, kisha kwa Kiswahili. Maswali yenyewe yalikuja kwenye Kiswahili.

"Madam," kijana mmoja wa Nairobi aliniuliza siku ya kwanza, "hiyo sindano ya nyuki iko size gani? Na unamdunga wapi, kwa bega ama kwa mguu?"

Wakacheka. Nami nikangoja wamalize, maana nilikuwa na wakati.

Hakuna sindano. Dawa inachanganywa kwenye donge la sukari iliyosagwa na kukandwa mpaka ikawa laini kama unga wa chapati. Unamkamata malkia, unamweka kwenye kizimba kidogo chenye matundu, ukubwa wa kiberiti, pamoja na nyuki wachache wa kumhudumia, na donge lako unalibandika humo ndani. Wale wahudumu wanakula donge. Wakishakula, wanatoa kichwani mwao maziwa mazito ambayo ndiyo chakula cha malkia, wanamlisha, na dawa inapita humo. Anakaa kizimbani siku kadhaa, kisha unamfungulia. Mayai atakayotaga baada ya hapo yanatoka na kinga tayari. Mama anakula kidogo, watoto wanazaliwa wanaujua ugonjwa kabla hawajauona.

Ugonjwa wenyewe ni ule wa kuozesha majana, yaani watoto wa nyuki wakingali mafunza kwenye sega. Hauna tiba ya maana. Vimelea vyake hukaa kwenye mbao za mzinga miaka na miaka, kwa hiyo mzinga ukiingiwa unachimba shimo, unauchoma, unafukia. Nilipofika hapo kwenye somo, wale waliokuwa wakicheka walikuwa wameanza kuandika, kwa sababu msimu ule shamba moja la kaskazini lilikuwa limeshachomwa lote.

Nyuma kabisa alikaa mzee mmoja wa Kitui. Huku tunamwita mzee mtu yeyote aliyepita hamsini, maana hao si wengi. Alikuja Qatar kuwa askari wa getini, mwenye shamba akamkuta siku moja amemshika nyuki kiganjani bila glavu, akamtoa getini na kumkabidhi mizinga. Shamba lake lilipakana na lile lililochomwa. Hakuandika chochote. Somo lilipokwisha alinisogelea, kofia mkononi.

"Mwalimu, nyuki zangu hazijatoka Misri," akasema.

Hapo nilimsikiliza, maana huku karibu nyuki wote hutoka Misri. Wanaletwa kwa ndege wakati wa baridi, kwenye paketi, wanavuna maua ya mkunazi, joto likija wanakufa, na baridi ikirudi unanunua wengine. Ndivyo ufugaji wa hapa unavyokwenda na hakuna anayeona ajabu. Huyu alikuwa ameona ajabu. Mwaka wake wa kwanza mizinga ilikufa karibu yote, ukabaki mmoja chini ya mkunazi, na kwa malkia wa huo mmoja alizalisha mingine. Akaiezekea makuti ya mtende, akaivika magunia aliyoyalowesha kutwa nzima, na kila kiangazi waliosalimika ndio aliowazalisha. Sasa alikuwa na nyuki wanaovuka Agosti ya Doha wakiwa hai. Hakuna jirani aliyekuwa nao.

"Nyuki si kuku wa nyama, kila saa unaleta ingine," akasema. "Sasa arbab ameniambia ugonjwa ikiingia kwetu, anachoma yote, analeta paketi kama wengine. Hizi zikiisha, hakuna mahali nitatoa zingine. Na mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Nipe hiyo dawa."

Arbab ndiye tajiri wake, mwenye shamba. Nikampa madonge ya kutosha mizinga yake yote. Mudiri wangu, yaani meneja, alinung'unika kwamba nimempa mtu mmoja zaidi ya nusu ya shehena na kuwaachia wengine makombo, nami nikamwambia shamba lake ndilo lililo karibu na moto. Ilikuwa kweli. Kusema nilimhurumia itakuwa uongo, kwa sababu miezi ile sikuwa nikimhurumia mtu. Nilifanya hesabu ya hatari, hesabu ikaangukia kwake.

Siku ya kwenda kukagua, dereva wetu Mganda alinipitia asubuhi. Ni mtu wa maneno mengi. Tukitoka mjini alikuwa akinieleza ugomvi wa nyumba yao ya kupanga, nani kamaliza mafuta ya kupikia ya nani, mimi nikitazama vibao vya barabara vikipita.

"Nyabo, wewe siku hizi uko kimya sana," akasema; nyabo ndiyo madam ya kwao. "Nyumbani wazima?"

"Wazima," nikasema.

Joto lilikuwa limeanza kupanda. Mzee alikuwa ametutandikia gunia kivulini na kutuwekea chupa za maji baridi, na malkia wake wote walikuwa vizimbani, kila mmoja ndani ya mzinga wake mwenyewe, kizimba kimebanwa katikati ya masega. Alifungua mzinga wa kwanza kwa mikono mitupu. Nilichukua kizimba nikakiinua kwenye mwanga.

Malkia alikuwa mzima, mnene, anang'aa. Alikuwa peke yake. Donge la sukari lilikuwa zima, limekauka juu, hakuna hata alama ya kung'atwa.

Nikafungua wa pili. Peke yake, na donge zima. Wa tatu vivyo hivyo.

"Mzee, wahudumu wako wapi?"

"Niliwatoa," akasema, na alisema kwa fahari kidogo, akitarajia sifa. "Hii kitu ni kadogo, mwalimu. Ukiweka nyuki mingi ndani na hii joto, wanapiga mabawa, wanatoa moto, malkia anakufa. Nimeona hiyo mara mingi. Nikawatoa apate hewa. Na hakukosa chakula, si unaona vile amenona? Wale wa mzinga wanamlisha kwa hizi matundu."

Ni kweli walikuwa wakimlisha. Nyuki wa mzinga hawawezi kumwacha mama yao na njaa, walijipanga nje ya kizimba na kumlisha kwa matundu usiku na mchana. Ila hao hawakuwa wamelamba donge. Donge lilikuwa ndani, nao wako nje. Wale wa kula donge alikuwa amewatoa yeye mwenyewe kwa vidole vyake, mmoja mmoja, kwa upole wote anaoujua. Mfugaji wa jana asingeweza kukosea hivyo, angefuata maagizo kama yalivyo. Ilihitaji mtu aliyewahi kuona malkia wakifa kwa joto, na akachoka kuwaona.

Nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho akiwa bado ameshika fremu ya masega, nyuki wakimtembea kwenye vifundo vya mikono.

"Kwa hivyo hawana kinga."

"Hawana."

"Hata mmoja?"

Tulifungua mizinga iliyosalia. Hata mmoja.

Madonge yaliyokauka hayafai tena. Tuliyakusanya kwenye mfuko wa plastiki, nikampigia simu mudiri, akasema shehena nyingine inakuja, inshallah, iko njiani. Nimeishi hapa muda wa kutosha kuzijua inshallah zote. Ile ilikuwa ya kutokujua. Kabla hatujaondoka mzee alinishika mkono wa shati.

"Mwalimu, ikikuja niite mimi wa kwanza."

"Nitakuita."

Niliuliza ofisini kila asubuhi mpaka wakawa wakiniona wanatikisa kichwa kabla sijafungua mdomo. Shehena ilikuwa bado haijafika mzee aliponipigia simu.

"Kuna harufu," akasema. Nikamwita dereva, tukaenda.

Kuupima ugonjwa huu ni kazi ya kijiti cha kiberiti. Unatafuta kijumba cha sega ambacho kifuniko chake kimezama na kutoboka, unatumbukiza kijiti, unakorogakoroga, unakivuta taratibu. Mtoto wa nyuki aliyekufa kwa jambo lingine hutoka majimaji tu. Aliyekufa kwa huu hutoka uzi wa rangi ya kahawa, unavutika, unavutika, halafu unakatika.

Nilivuta. Uzi ukaja. Mzee alikuwa amepiga magoti kando yangu na aliutazama uzi ule mpaka ulipokatika.

"Pengine ni hii moja."

Haukuwa huo mmoja. Ulikuwa mzinga huo, na jirani yake, na mingine mstari ule wote. Mzinga wa chini ya mkunazi, ule uliozaa mingine, nilichokonoa vijumba vingi na hakuna uzi uliotoka. Nikamwambia hivyo, kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa, na nikamwambia pia kwamba kutoonekana leo si kuwa safi.

"Ni mimi niliwaua?" akauliza.

Kuna watu wangemwambia hapana. Nami nilijua kusema hapana, ni neno jepesi. "Sijui, mzee," nikasema. "Kinga inapunguza, haizuii yote. Nyuki wako walikwenda kuiba asali kwa jirani kabla hajachoma, wakarudi na ugonjwa. Pengine wangepona. Pengine wasingepona. Sijui."

Akaitikia kwa kichwa mara kadhaa. "Haya," akasema. "Haya."

Mwenye shamba hakuwa mtu mbaya. Alikuja mwenyewe, akasimama mbali kidogo na kanzu yake nyeupe, akasikiliza, akasema maskini, maskini, akimaanisha nyuki au mzee, sikujua. Kisha akasema yote ichomwe na isitoke kitu shambani, na baridi ikirudi ataleta wengine, wazuri, wa Misri. Alimpiga mzee begani alipokuwa akisema hivyo. Nadhani alidhani anamfariji.

Tulichoma alfajiri, kabla nyuki hawajaanza kuruka. Mzee na mwenzake wa Kinepali walikuwa wameshachimba shimo. Tuliziba milango ya mizinga kwa matambara, tukamwagia petroli, tukangoja mpaka ndani pakawa kimya, halafu tukaitumbukiza. Nta inawaka vizuri sana. Asali inachemka na kutoa harufu nzuri, na hilo ndilo jambo moja ambalo siwafundishi watu darasani, wataligundua wenyewe. Nilikuwa na karatasi za kujaza nikawa nazijaza.

Nilipoinua macho nikaona mzee anafanya kazi kwa mkono mmoja. Ule wa kushoto ameubana kifuani.

"Mzee, mfukoni kuna nini?"

Hakubisha. Aliingiza vidole viwili kwenye mfuko wa shati akatoa kizimba. Ndani kulikuwa na malkia na wahudumu wake wamemzunguka.

"Ni yule wa mkunazini," akasema kwa sauti ya chini. "Yule haukuona uzi. Mwalimu, sema tu hujaona. Dereva wako anaweza nipelekea kwa wale vijana wa Uganda, wako na mzinga iko sawa. Ni huyu mmoja tu. Akibaki huyu, zote zimebaki."

Alisema kweli, akibaki yule, kazi yake yote ya miaka ingebaki. Nilijua pia vimelea vilivyoweza kuwemo kwenye matumbo ya wale wahudumu, na nilijua kwamba wale vijana wa Uganda, wanafunzi wangu wa shamba la pili, ndio walioniamini wakachanja kama nilivyowaambia, na mizinga yao ndiyo iliyokuwa imesalia safi upande ule. Niliyapima yote mawili. Nilikuwa mtu mzuri wa kupima miezi ile, maana hakuna kilichokuwa kikinigusa mizani.

"Hapana, mzee," nikasema.

Akanitazama. Akakitazama kizimba. Kisha akanyoosha mkono.

"Basi fanya wewe. Mimi siwezi."

Nilikichukua. Kilikuwa na joto la mwili wake, na kilikuwa kikitetemeka kidogo kwa mabawa yao. Nikakitupa shimoni, katikati, pale palipokuwa pekundu.

Mzee akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akaanza kulia. Hakulia kiume, kwa kujificha, kujifanya moshi umemwingia. Alilia kwa sauti, mdomo wazi, kamasi zikimshuka, Mnepali akiwa amesimama pale na koleo asijue aangalie wapi. Na mimi nilimwonea wivu. Sina neno lingine la kuweka hapo. Nilimwangalia kama mwenye njaa anavyomwangalia anayekula.

Baadaye akainua uso.

"Mwalimu, wewe hulii?"

"Siwezi."

"Ni sawa. Nyuki si zako."

"Mama yangu alikufa," nikasema. "Tangu wakati wa baridi. Siwezi."

Lilikuwa limetoka. Sikuwa nimelisema kwa mtu yeyote Doha nzima, si kwa wauguzi wangu, si kanisani, na sikujua kwamba nilikuwa naelekea kulisema pale. Nilingoja kuona kama kuna kitu kitafuata. Hakikufuata.

Mzee alijipangusa uso kwa mkono wa shati. Alivuta ndoo nyingine kwa mguu, akaipindua karibu na yake.

"Kaa hapa," akasema. "Na yeye nitakulilia mimi."

Nikakaa.

"Alikuwa anaitwa nani?"

Nikamtajia. Akalitamka mara moja, polepole, asije akalikosea, kisha akaendelea kulia.